Kumtazama Mgonjwa na Anayemuuguza: Mwongozo wa Wema Mdogo kwa Mkristo

Mtu wa kanisani akilazwa, kwenda kumwona si tatizo kwetu. Jumapili baada ya ibada tunajikusanya, tunapanda daladala, tunakizunguka kitanda, tunaomba, tunaacha bahasha na mfuko wa machungwa, tunarudi nyumbani. Ni jambo jema na lisiachwe. Lakini Jumatatu asubuhi mgonjwa bado yuko palepale, na pembeni yake yupo mtu aliyelala juu ya kanga sakafuni, au hakulala kabisa: mke, binti, kaka, wakati mwingine jirani tu. Mwongozo huu ni wa Jumatatu hiyo na siku zinazofuata, na unamhusu huyo wa pembeni karibu sawa na yule anayeumwa.

Anayezijua hospitali zetu anaijua kazi ya kuuguza. Nesi anatoa dawa, anachoma sindano, anabadilisha dripu, na ana wodi nzima ya kuangalia. Kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumsindikiza chooni, kufua mashuka, kupeleka sampuli maabara, kupanga foleni dirisha la malipo kisha dirisha la dawa, kutoka nje kutafuta dawa iliyokosekana ndani, kupokea simu za ukoo mzima zinazouliza "anaendeleaje?", yote hayo ni ya ndugu. Mara nyingi anayafanya akiwa na njaa.

Katika Mathayo 25, Yesu anapowaeleza watakaowekwa mkono wake wa kuume, hataji miujiza wala mahubiri. Anataja chakula, maji, nguo, kumkaribisha mgeni, kumtazama mgonjwa, kumwendea aliye kifungoni. Ni mambo ambayo hata mjane asiye na kitu anaweza kufanya mojawapo. Na katika mfano wa Msamaria mwema kuna siku ya pili tunayoipita haraka. Siku ya kwanza Msamaria anafunga majeraha, anamimina mafuta na divai, anampandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Siku ya pili anatoa dinari mbili, anampa mwenye nyumba ya wageni, anamwambia amtunze, na gharama ikizidi atalipa akirudi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyosoma kwa wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Msamaria hakumjali majeruhi peke yake. Alimjali na yule aliyebaki naye, akampa cha kuanzia, akaahidi kurudi. Hospitali ya rufaa ya KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianzishwa na shirika lililochukua jina la Msamaria huyo. Sisi wengine hatuwezi kujenga hospitali, ila dinari mbili tunazo.

Hatua ya 1: Ulizia kwa heshima, na habari uliyoipata itunze

Kabla hujaenda, mpigie anayeuguza au mtu wa karibu wa familia. Usimpigie mgonjwa. Unachohitaji kujua ni kidogo: yuko hospitali gani na wodi ipi, nani yuko naye mchana na nani usiku, saa za kuona wagonjwa ni zipi, anaruhusiwa kula nini, na kama anapenda kuonwa kwa sasa. Wapo wasiopenda. Mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji jana, au mzee aliyewekewa mpira wa mkojo, anaweza kuona aibu mbele ya watu, na hiyo ni haki yake.

Usichohitaji kujua ni jina la ugonjwa. Wakikuambia, pokea, kaa nalo. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya na kwaya habari ya mgonjwa husambaa kwa kisingizio cha "tumwombee". Mungu hahitaji majibu ya vipimo ili asikie maombi. Andika tu: "Ndugu yetu amelazwa, tumwombee, familia imeomba wanaotaka kumwona wawasiliane kwanza na dada yake." Yatosha.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja, ukitaje kwa jina

Sote tumezoea kusema "mkihitaji chochote mtuambie." Tunasema kwa moyo mweupe, lakini neno hilo linamtwisha mchovu kazi nyingine. Afikirie anahitaji nini, achague wa kumwomba, apime kama ataonekana msumbufu. Watu wetu ni waungwana, watajibu "tupo salama, tunamshukuru Mungu," na simu inakatwa hapo. Yakobo aliwaonya mapema wale wanaomwambia ndugu asiye na nguo wala riziki aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa hata kimoja.

Badala yake taja kitu chako, siku yake na saa yake, halafu uliza swali dogo ambalo ni rahisi kujibu:

"Shikamoo mama. Pole na kuuguza. Kesho uji wa asubuhi nitauleta mimi, saa kumi na mbili na nusu nitakuwa getini. Niweke sukari au nisiweke?"

Ataanza kusema usijisumbue. Usibishane naye, mjibu tu kwamba ni njiani kwako, au kwamba unga umeshasagwa, kama kweli umesagwa. Akisema "basi sukari kidogo," mambo yameisha.

Vitu vinavyosaidia kwelikweli ni vidogo kuliko tunavyodhani. Kumpelekea pawa benki iliyojaa chaji. Kumpa noti zilizochenjiwa, maana kwenye foleni ya malipo na kwa bodaboda chenji haipatikani. Kuchukua mfuko wa nguo chafu jioni na kuurudisha kesho yake zikiwa zimefuliwa na kunyooshwa. Ndala za bafuni, kopo, beseni, sabuni ya kipande, karatasi za chooni: familia iliyokimbia na mgonjwa usiku wa manane haikubeba hata kimoja. Halafu kuna nyumba iliyoachwa. Nani anawapeleka watoto shule? Nani anawapa kuku maji? Luku imeisha? Ng'ombe amekatiwa majani? Mama anayemuuguza mumewe huku akijua mifugo imelishwa na mtoto wa darasa la pili ameandika hesabu zake anauguza kwa moyo mwingine kabisa. Kwa maoni yangu wema wa nyumbani kwa mgonjwa una thamani kuliko ule wa wodini, na wanaoufanya ni wachache kwa sababu hakuna anayewaona.

Hatua ya 3: Chakula

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapoanzia na ndipo mapenzi mema yanapoweza kuleta madhara.

Uliza kwanza. Anayesubiri upasuaji huambiwa asile wala kunywa kwa saa kadhaa, na uji wa huruma unaweza kuahirisha upasuaji mzima. Mwenye kisukari ana mpango wake wa chakula, mwenye presha huambiwa apunguze chumvi, na mwenye ugonjwa wa figo anaweza kuwa amekatazwa hata ndizi na baadhi ya matunda ambayo sisi tunayaona ni zawadi isiyo na kosa. Anayejua ni nesi au daktari wake. Muulize anayeuguza, naye kama hajui, amuulize nesi. Usikisie.

Ukishajua, pika asubuhi ileile. Kiporo, hata kizuri, usimpelekee mgonjwa. Uji wa ulezi au wa dona hubebeka vizuri kwenye chupa ya chai, lakini kwanza mimina maji ya moto ndani ya chupa, iache dakika chache, yamwage, ndipo umimine uji. Utakuwa moto hadi saa nne. Uwe mwepesi kuliko wa nyumbani, kwa sababu uji huzidi kuwa mzito ukikaa, na mgonjwa aliyechoka hawezi kuvuta uji mzito. Beba kikombe na kijiko chako. Bandika jina la mgonjwa kwenye chupa kwa plasta, maana wodini chupa zote hufanana.

Huku Kilimanjaro mama aliyejifungua hupikiwa mtori, na mtori unamfaa pia mgonjwa anayeanza kurudisha hamu ya kula, mradi ndizi hajakatazwa. Chemsha nyama yenye mfupa hadi ilainike kabisa. Weka ndizi mbichi zilizomenywa, kitunguu na chumvi kidogo, ziive hadi zivunjike zenyewe. Toa mfupa, ponda kwa mwiko hadi kusibaki donge, ongeza supu hadi mchanganyiko uteremke wenyewe kutoka kwenye mwiko. Pilipili acha. Nyama chambua vipande vidogo kiasi cha kutafunwa na asiye na meno. Weka kwenye hotipoti na ufunge kwa kitambaa ili kifuniko kisifunguke kwenye bodaboda.

Na siku zote pika vya watu wawili. Nimeona wodini jambo hili mara nyingi mno: mgonjwa analishwa chakula kilicholetwa, anakula vijiko vitatu, kinachobaki ndicho mlo wa anayemuuguza, kimepoa. Leta hotipoti mbili. Ya pili iwe na chakula cha mtu mzima mwenye kazi, wali maharage na mboga, au makande, na umkabidhi mkononi: "Hii ni yako, mama. Nenda kale pale nje, mimi nakaa hapa." Usipolisema hivyo atakihifadhi ampe mgonjwa jioni.

Soda na biskuti punguza. Kabati la pembeni ya kitanda linajaa vitu ambavyo mgonjwa hali.

Hatua ya 4: Ukifika kitandani

Nendeni wawili, watatu wakizidi. Mlinzi akisema saa zimepita, zimepita. Usimwambie umetumwa na kanisa.

Nawa mikono kabla ya kumshika mgonjwa na baada ya hapo. Ukiwa na mafua au kikohozi usiende, tuma salamu na chupa ya uji. Watoto wadogo waache nyumbani, kwa usalama wao na wa wagonjwa. Usikae juu ya kitanda. Kama kuna stuli kaa, kama hakuna chuchumaa kidogo ili macho yenu yalingane. Katikati ya karne ya 3, ugonjwa mkubwa wa kuambukiza ulipoupiga mji wa Aleksandria, Askofu Dionisio aliandika jinsi Wakristo walivyowauguza wenzao kwa mikono yao wenyewe, na wengi wakafa kwa kuambukizwa. Wale hawakujua ugonjwa unavyosafiri. Sisi tunajua, na sabuni ipo, kwa hiyo kunawa ni sehemu ya upendo uleule.

Mpe pole, msikilize, jibu anachokisema. Akitaka kuzungumzia mpira, zungumzeni mpira. Usimsimulie juu ya shemeji yako aliyekuwa na ugonjwa kama wake. Usimuulize kama ana jambo hajatubu. Rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, na hadi hapo walikuwa marafiki wema. Maumivu yaliongezeka walipoanza kueleza sababu. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha. Mgonjwa akianza kufumba macho, aga.

Kuomba, omba ruhusa kwanza: "Baba, tuombe kidogo kabla hatujaondoka?" Akikubali, iwe sala fupi, sauti ya mtu anayeongea na aliye karibu naye. Kitanda cha pili yupo mtu aliyepata usingizi kwa tabu, au Mwislamu anayesali kwa namna yake, au mama aliyefiwa na mtoto saa mbili zilizopita. Wasalimie na wao. Uliza kama yupo asiye na wa kumletea chakula. Karibu kila wodi yupo mmoja, aliyeletwa na msamaria wa barabarani au aliyetoka mkoa wa mbali, na uji uliobaki kwenye chupa yako unaweza kuwa wake, akishaulizwa nesi kama anaruhusiwa. Yule wa mfano wa Yesu hakumuuliza majeruhi dini yake.

Kuna neno moja nalisema bila kulizungusha. Usimwambie mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameombewa. Usimwambie asitishe chanjo, akatishe ARV, au aahirishe upasuaji "kuonyesha imani." Mfalme Hezekia aliomba akilia, Mungu akamwongezea miaka 15, na nabii Isaya aliyeleta ahadi hiyo ndiye aliyeagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Sala na dawa vilikwenda pamoja kwenye kitanda kile. Luka, aliyesafiri na Paulo, alikuwa tabibu na hakuambiwa aache kazi yake. Aliyepona kweli, vipimo vitaonyesha na daktari atamwachisha dawa mwenyewe. Anayewashauri watu kinyume cha hapo anawaweka kwenye hatari ya kufa, hata kama anatumia jina la Yesu.

Hatua ya 5: Mpumzishe anayeuguza

Huu ndio wema ninaoutamani kuliko mwingine wote, na hauna gharama zaidi ya nauli. Mwambie: "Leo mchana nina saa mbili. Nenda kaoge, ulale, mimi nitakaa naye." Kama unaishi karibu na hospitali, mpe ufunguo wa chumba na maji ya moto.

Kabla hajaondoka mwache akukabidhi. Dawa inayofuata ni saa ngapi na nani anaitoa? Dripu ikiisha nimwite nani? Anaweza kwenda chooni mwenyewe? Anakunywa maji au amezuiwa? Kuna karatasi ya kipimo inayosubiriwa? Andika kwenye simu. Wewe si nesi: usiguse dripu, usimpe kidonge ulichokikuta kwenye kabati, usimnyanyue aliyevunjika. Kazi yako ni kukaa, kumpa maji kama anaruhusiwa, kumpepea, na kumwita anayehusika. Kwa shughuli za kuogesha na choo, mwanamke akae na mwanamke, mwanamume na mwanamume, isipokuwa familia ikisema vingine.

Akirudi, usimsimulie mengi. "Dawa ya saa nane amepewa, amekunywa maji nusu kikombe, amelala, kipimo hakijatoka." Kisha, kama ana nafasi, mwulize yeye anaendeleaje. Huenda tangu mgonjwa alazwe hakuna aliyemwuliza. Anaweza kulia. Mwache alie.

Hatua ya 6: Pesa, kimya kimya

Pesa zinahitajika na hakuna haja ya kuona haya kuzitoa. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku, chakula, dawa za kununua nje, nakala za vitambulisho, vyote vinakula pesa. Ukituma kwa simu, tuma pamoja na ya kutolea. Elfu kumi inayofika pungufu humwaibisha mtu dukani. Ukitoa mkononi, kunja, shika mkono wake kwa mikono yote miwili, sema "ya sabuni." Usihesabu mbele ya watu. Na tafadhali usipige picha. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume, sasa tunapoweka picha ya mgonjwa na mfuko wa unga kwenye mtandao, tumewaambia wote wa mkono wa kushoto wa mji mzima.

Wakati mwingine msaada mkubwa kuliko noti ni kujua mlango wa kubisha. Muulize kama kadi ya bima ipo na kama ilibaki nyumbani nenda ukaichukue. Hospitali za umma zina afisa ustawi wa jamii, na familia isiyoweza kulipa inaruhusiwa kumwona ieleze hali yake. Sera ya afya ya nchi yetu inataja makundi ya msamaha, miongoni mwao watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Mwanakijiji aliyetoka Same au Lushoto kwa mara ya kwanza anaogopa ofisi. Ongozana naye. Simama naye kwenye foleni, msaidie kusoma fomu, mwache aongee mwenyewe.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Boazi. Angeweza kumpa Ruthu gunia. Badala yake aliwaagiza wavunaji wake wadondoshe masuke makusudi, naye Ruthu akaokota kwa mikono yake, akarudi kwa mkwewe na kitu alichokifanyia kazi. Saidia kwa namna inayomwachia mtu heshima yake. Na familia ikikurudishia chupa yako ikiwa na maziwa au hotipoti ikiwa na ndizi mbivu ndani, pokea ushukuru sana. Chombo kwetu hakirudi kitupu, na wao nao wana haki ya kutoa.

Hatua ya 7: Damu

Kwa mwenye afya, hiki ni kitu kinachotolewa ukiwa umelala kitandani na hakinunuliki dukani. Nchini Tanzania mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Chupa moja ni karibu mililita 450. Kula vizuri kabla, kunywa maji mengi, sema ukweli wote kwenye maswali utakayoulizwa, na baada ya hapo usibebe mzigo mzito siku hiyo. Kwaya ya vijana inaweza kwenda kwa zamu mwaka mzima badala ya wote kujitokeza siku moja ya mwaka, kwa kuwa damu haikai muda mrefu kwenye jokofu.

Hatua ya 8: Wiki ya pili na kuendelea

Wiki ya kwanza watu ni wengi. Ya pili wanapungua. Ya tatu simu haziiti. Anayetibiwa saratani kwa mionzi huenda kila siku za kazi kwa wiki kadhaa, na mwenye mfupa wa paja uliovunjika anaweza kulala kwa miezi. Hapa mtu mmoja hawezi, jumuiya inaweza. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji miaka ya 1970, walitaka kanisa liwe pale watu wanapojuana kwa sura na kwa mlango, na Walutheri na wengine nao wana jumuiya zao za nyumba kwa nyumba. Kujuana huko kuna kazi yake wakati huu.

Mtafute mtu mmoja, asiwe lazima mwenyekiti, mwenye daftari na simu isiyozimwa. Familia tano zinatosha. Kila familia ichukue siku moja ya wiki na kazi moja, Jumamosi na Jumapili ndugu wanajitosheleza. Anayeshindwa siku yake amtafute wa kubadilishana naye mwenyewe, asimpigie anayeuguza kumweleza udhuru. Mwenye daftari ndiye pekee anayempigia anayeuguza kuuliza hali, jioni mara moja, halafu anawajulisha wengine. Kwa utaratibu huo peke yake mmeshampunguzia simu ishirini kwa siku.

Mgonjwa akifariki, msiishie kwenye matanga. Aliyemuuguza kwa miezi amepoteza mtu na amepoteza pia shughuli iliyokuwa imejaza siku zake zote. Anaamka alfajiri na hana wa kumpelekea uji. Zamu ileile iendelee wiki chache, nyumbani kwake.

Mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani, furahini, kisha muangalie mambo manne. Usafiri: aliyeshonwa tumbo hawezi bodaboda. Bili: mjue mapema imefika wapi, msisubiri asubuhi ya kutoka. Nyumba: ifagiliwe, maji yajazwe, kitanda kitandikwe kabla hajafika. Na dawa: kaeni na anayeuguza, andikeni kwenye karatasi kubwa kwa herufi kubwa kila dawa, asubuhi ngapi, mchana ngapi, usiku ngapi, kabla au baada ya kula, mbandike ukutani. Kadi ya kliniki inayo tarehe ya kurudi. Iandike kwenye simu yako pia, na siku mbili kabla piga: "Mama, Alhamisi ni kliniki. Kuna wa kumsindikiza? Kama hayupo, mimi nitafika saa kumi na mbili asubuhi."